Vidonge vya Alfajiri, Vidonge vya Jioni

Simu ililia saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na kabla sijaizima, Kamanda, mbwa wangu wa aina ya Doberman, alikuwa amekwisha kuweka kidevu chake ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa Alhamisi ya katikati ya Julai, na mwezi huo baridi ya Ngong huingia hadi mifupani. Doberman hana yale manyoya laini ya ndani yanayowakinga mbwa wengine, ndiyo maana wangu wote watatu hulala na vizibao nilivyowashonea kutokana na blanketi kuukuu.

Saa kumi na moja na nusu Kamanda alimeza vidonge vyake viwili vya pimobendani. Dawa hii huusaidia moyo uliotanuka kusukuma damu, nayo hutolewa kila baada ya saa kumi na mbili, tumbo likiwa tupu, saa moja hivi kabla ya chakula. Siku hizi hufumbua mdomo mwenyewe nikimgusa taya. Alipofika kwangu, baada ya miaka ya kufungwa mnyororo katika ua wa kampuni moja ya ulinzi, mkono wowote uliokaribia uso wake ulimfanya ajikunyate hadi tumbo liguse sakafu, na ilinichukua miezi minne kufika hapa. Masikio yake yalikatwa na mtu asiyejua kukata, hata moja limesimama na jingine limepinda kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Ujerumani, ilikoanzia aina hii ya mbwa, ilipiga marufuku ukataji wa masikio mwaka 1987. Huku kwetu bado wako wanaoamini kwamba mbwa asiyekatwa masikio hawezi kumtisha mwizi.

Saa ile moja ya kungoja chakula ndiyo ya matembezi. Kahawa, jike la rangi ya kahawia nililolichukua katika makao ya KSPCA, shirika la kuwatunza wanyama, kule Karen, hutembea kwa kunusa kila jiwe. Kamanda hutembea polepole kwa amri ya daktari. Lulu, jike wa miaka mitatu ambaye ndiye ninayempeleka kwenye maonyesho ya mbwa, anataka kwenda mwendo wa mchakamchaka, kwa hiyo mimi hulazimika kuwazungusha hao wawili kwanza, kuwarudisha, kisha kutoka naye peke yake. Watu wa njia yetu bado huvuka upande wa pili wakituona. Siwalaumu. Louis Dobermann, aliyewafuga mbwa hawa wa kwanza mjini Apolda mnamo karne ya kumi na tisa, alikuwa mtoza kodi, na inasimuliwa kwamba alitaka mwandani ambaye wadaiwa wasingethubutu kumchezea. Basi anayemwogopa anakubaliana na kusudi la mwanzilishi. Mama mboga wa kona peke yake ndiye hakwepi. Huniita Mama Kamanda na kunipimia karoti za mbwa kwa bei ya hasara.

Saa kumi na mbili na nusu walikula matumbo yaliyochemshwa na wali, kila mmoja katika pembe yake. Baada ya hapo hairuhusiwi mbio wala michezo kwa muda mrefu, kwani kifua cha Doberman ni kirefu kwenda chini, na tumbo lililojaa likijisokota humo huua kwa saa chache.

Kuanzia saa mbili nilikuwa mezani. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, nami huifanyia nyumbani, jambo ambalo wenzangu huliona kama anasa mpaka waje kunitembelea. Doberman hakubali kukaa chumba kingine na mtu wake. Kahawa hulalia nyaya za kompyuta, Lulu huegemeza uzito wake wote wa kilo thelathini na tatu kwenye goti langu, na kwa kuwa mkia wake haukukatwa, akifurahi unapiga kila kilicho karibu: asubuhi hiyo ulimwaga chai juu ya sura ya nne, ile ya ngeli za nomino.

Mchana niliwakata kucha, kazi ya dakika kumi kwa Lulu na ya nusu saa kwa Kamanda. Kucha zao ni nyeusi, huwezi kuiona nyama iliyo ndani, hivyo unakata kidogo kidogo hadi utokee mduara mdogo mweusi katikati, hapo unaacha.

Saa tisa na nusu ndipo alipokuja bawabu wa mtaa. Lulu ana kasoro moja uwanjani. Kwenye maonyesho yaliyopita alisimama vizuri kuliko nilivyotarajia, miguu ya mbele imenyooka, ya nyuma imerudishwa kidogo, mgongo umeteremka kuelekea mkiani. Lakini jaji alipoinama kumkagua meno, kofia yake pana ilimwangushia kivuli usoni naye akarudi nyuma. Utepe wa ushindi tukaukosa kwa kofia. Tangu siku hiyo bawabu, ambaye ana kofia ya majani ya kuzuilia jua, huwa jaji wetu mara mbili kwa juma.

Alilivua kwanza koti lake la kazi na kulitundika langoni bila kuambiwa, maana anajua Kamanda na sare hawapatani. Kisha akavaa kofia, akakunja uso, akamwendea Lulu kwa madaha ambayo sijayaona kwa jaji yeyote. Akampapasa mabega, akaufuata uti wa mgongo kwa kiganja, akainua mdomo na kuhesabu kwa sauti.

“Arobaini na moja, Mama Kamanda.”

“Ni arobaini na mawili, kaka. Rudia.”

Akarudia, na Lulu akasimama wima muda wote, pua tu ikitetema. Kule mlangoni Kamanda, ambaye kwa kawaida hukimbilia chini ya meza ya jikoni, alibaki amesimama akitazama.

Bawabu aliuliza lini Lulu atazaa, kwa sababu ameahidiwa kitoto. Nilimjibu lile ninalowajibu wote. Ugonjwa wa moyo kama wa Kamanda huwapata Doberman kuliko mbwa wa aina nyingi, na mara nyingi hujitokeza wakiwa wamefikia umri wa makamo, baada ya dume kuvishwa tepe zote na kuacha watoto kila mji. Kwa hiyo Lulu hupimwa moyo kwa altrasaundi kila mwaka, naye hatapandishwa kabla ya kutimiza miaka mitano, wala kwa dume ambaye mwenyewe hana karatasi ya kipimo mkononi. Tepe si karatasi hiyo. Bawabu alisema miaka miwili ni mingi. Ni mingi kweli, hasa kwa jike, na mfugaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba kwa mpango huo sitapata uzao hata mmoja. Huenda.

Saa kumi na moja na nusu jioni, vidonge viwili. Saa kumi na mbili na nusu, chakula. Nilirudi kwenye ngeli hadi saa mbili.

Saa tatu usiku Kamanda alipolala fofofo, niliwasha tochi ya simu, nikaielekeza ukutani isimwamshe, nikahesabu pumzi zake, mbavu zikipanda, kwa dakika nzima. Daktari ametaka nimpigie zikizidi thelathini. Ziliponyanyuka mara ya ishirini na nne dakika ikaisha, nikaandika 24 kwenye daftari lililo kando ya kitanda, chini ya 23 ya jana na 26 ya juzi. Kahawa alikuwa amekwisha kulinyakua blanketi. Nilimvutia Kamanda nusu yake na kutega simu.