Simu ya mwalimu saa mbili na nusu usiku

Jumamosi, na tayari nimeshamshusha mtoto shuleni. Ndiyo, Jumamosi. Majirani zangu hapa Houston bado wamelala, mimi nimerudi na chai yangu ya tangawizi, nawaza mama yangu angesema nini akisikia kwamba Marekani nako watoto wanafuata tuisheni.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jana usiku. Mwanangu yuko darasa la tano. Sehemu zilimshinda: tatu ya nne jumlisha mbili ya tano. Nikakaa naye mezani nikamwonyesha kama tulivyofundishwa Tanga, kwamba kwanza unatafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, mwalimu hafanyi hivyo." Kabla sijamjibu alikuwa ameshachukua simu yangu na kumpigia mwalimu wake wa hesabu. Saa mbili na nusu usiku!

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu ukimwona mwalimu sokoni ulikuwa unajibanza nyuma ya mafungu ya nyanya mpaka apite. Huyu alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia mtoto mchanga analia na sufuria zinagongana. Akamuuliza mwanangu amefika wapi, akamwacha ahangaike kidogo, wakafika ishirini, halafu ishirini na tatu juu ya ishirini. Dakika saba hivi. Na kumbe ilikuwa KDS ile ile, mpangilio tu ndio tofauti. Nilinyamaza, lakini moyoni nilishinda.

Shule yenyewe ni ya mkataba. Hulipi ada, fedha inatoka serikalini, ila inaendeshwa na bodi yake kwa makubaliano: msipofikisha matokeo mliyoahidi, mkataba unaweza kuvunjwa. Minnesota ndilo jimbo lililotunga sheria ya kwanza ya namna hii, 1991. Texas ikafuata 1995. Maombi yakizidi nafasi, majina yanapigiwa kura ya bahati nasibu. Sisi tulipata. Familia moja ya Wakongo tunayosali nayo haikupata, na mpaka leo mama yule akiniuliza habari za shule najibu kwa kifupi.

Mtindo wa mwalimu kuwapa watoto namba yake ya simu ulishika kasi hapa hapa Houston. Mwaka 1994 walimu vijana wawili, Mike Feinberg na Dave Levin, walianza na darasa la tano moja la watoto wa familia za kipato cha chini, na ndipo ukazaliwa mtandao wa shule za KIPP. Siku ya masomo ilianza saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na walisoma Jumamosi na kiangazi pia. Shule ya mwanangu si yao, lakini imenakili mengi.

Mimi ninayempenda katika hadithi hiyo ni Harriett Ball. Huyu alikuwa mwalimu mkongwe, mama Mweusi, wakati wale wawili hata kutuliza darasa hawajui. Levin alipangiwa shule aliyokuwa akifundisha yeye. Darasani kwake kuzidisha kulikuwa wimbo: watoto wanaimba, wanapiga makofi, wanahesabu kwa vidole. Vijana wakakaa wakajifunza. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana mwalimu wetu wa darasa la tatu alituimbisha saba mara nane hamsini na sita mpaka mwangwi unarudi kutoka ukuta wa stoo. Sisi tulikuwa themanini na kitu, tena wengine sakafuni. Nani alikuja kumwandika yeye?

Sitaki kusema shule za mkataba ni dawa. Mwaka 2009 watafiti wa CREDO, Chuo Kikuu cha Stanford, walipima matokeo ya hesabu wakakuta asilimia 17 tu zinazipita shule za kawaida, 37 ziko nyuma, zilizobaki hazina tofauti. Na KIPP wenyewe walitangaza 2011 kwamba kati ya wanafunzi wao wa mwanzo, 33 katika kila 100 walikuwa wamehitimu chuo cha miaka minne. Ni mara kadhaa ya kawaida ya watoto wa familia maskini. Wao walitaka 75.

Kwa hiyo jengo au jina havinidanganyi tena. Mwaka jana mwalimu wa Kiingereza wa mwanangu, hodari kuliko wote, aliacha kazi katikati ya muhula. Alituaga wazazi getini, macho mekundu, akasema amechoka. Hakuongeza neno. Jana niliposikia kile kichanga kinalia kwenye simu nilimkumbuka. Tunafurahia alama za watoto wetu, ila zile dakika saba zinatoka nyumbani kwa mtu.

Saa sita namfuata mtoto. Unga wa maandazi umeshaumuka, iliki nimeweka ya kutosha, na ya mwalimu nitayafunga peke yake. Mwanangu nitamwambia leo usiku simu inalala chumbani kwangu. KDS hata mama anaijua.