Kumbukumbu ya mradi: Panipat 1526 juu ya ubao wa sentimita 180

Wiki ya 1: kipimo

Kinachojengwa ni mfano wa uwanja wa Panipat, kaskazini ya Delhi, asubuhi ya tarehe 21 Aprili 1526, siku Babur, mtawala wa Kabul, alipomshinda Ibrahim Lodi, Sultani wa Delhi. Mtu akiutazama mfano huu, auone upana wa uwanja kwanza. Picha nyingi za vita hivi huweka mizinga mbele na moshi mwingi, na mtazamaji huondoka akiamini baruti peke yake ndiyo iliyomwangusha Ibrahim. Siamini hivyo. Ibrahim alishindwa kwa sababu jeshi lake kubwa lilisukumwa kwenye mlango mwembamba, na mfano usipoonyesha wembamba huo hauna maana.

Ubao ni plaiwudi ya milimita 9, sentimita 180 kwa 120. Sentimita 1 ni mita 20 ardhini. Babur alielekea kusini, kwa hiyo upande wake wa kulia ni magharibi, na ndiko uliko mji wa Panipat: sentimita 20. Kushoto kuna handaki na matawi ya miti: sentimita 25. Katikati, ngome ya mikokoteni inachukua sentimita 115, na kila mwisho unabaki na sentimita 10 za kupumulia.

Pakeni gundi nyeupe ubao pande zote mbili kabla ya kumwaga mchanga. Upande mmoja ukiloa peke yake, plaiwudi hupinda, na baada ya siku mbili pembe zinakuwa zimenyanyuka. Kuweka mawe juu yake hakusaidii tena. Rangi ya ardhi iwe ya majani makavu, maana Aprili ngano ya huko inavunwa. Kijani kibichi kitakuwa uongo.

Wiki ya 2: mikokoteni, na hesabu iliyokataa

Katika kumbukumbu zake, Babur anasema alikusanya mikokoteni 700, ikafungwa kwa kamba za ngozi mbichi kwa mtindo wa Waturuki wa Rumi, yaani Waosmani, ambao walikuwa wameutumia dhidi ya Wairani huko Chaldiran mwaka 1514. Kati ya kila mikokoteni miwili zilisimamishwa tura tano au sita, yaani ngao kubwa za kujikinga, na nyuma yake wakasimama wapiga magobori. Kila baada ya mwendo wa mshale iliachwa nafasi ya kutokea wapanda farasi 100 hadi 200.

Hapa hesabu inagoma. Nimepanga mafungu 8 ya sentimita 10, na nafasi 7 za sentimita 5 kati yake. Mafungu yenyewe ni sentimita 80, yaani mita 1,600. Gawanya kwa mikokoteni 700: kila mkokoteni unapata mita 2.3, na hapo hapo zikae ngao tano au sita! Haiwezekani. Ama safu ilikuwa ndefu kuliko hii, ama mikokoteni mingi ilikaa nyuma na mizigo. Nimechagua kushika upana na kupunguza mikokoteni: 3 kwa kila fungu, jumla 24, na vizuizi 16 vya ngao.

Mkokoteni mmoja ni vijiti vya aiskrimu vilivyokatwa sentimita 2, pini moja ya ekseli, na vifungo viwili vya shati vya milimita 11. Kamba ni uzi wa kahawia uliovutwa kwenye nta ya mshumaa. Uzi usiotiwa nta hunyonya unyevu na kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ukikazwa sana nao hung'oa magurudumu, kwa hiyo acheni ulegee kidogo, kisha tone la gundi kwenye fundo.

Wiki ya 3 na 4: watu

Sanamu moja ni watu 100. Waliovuka Indus na Babur, wakubwa kwa wadogo, waliandikwa 12,000, basi sanamu 120. Upande wa Ibrahim, Babur anataja makadirio ya watu 100,000 na ndovu 1,000. Ndovu 10 ninawatengeneza wote. Watu, kwa sasa, ni sanamu 480: mistari 5 ya sanamu 96, kila moja ikichukua sentimita 1.2, na mistari hiyo tayari inajaza mbele yote. Wengine wangesimama nyuma tu, bila adui wa kumfikia. Hilo hasa ndilo jambo la kuonyesha.

Miili ya askari wa miguu ni chelewa za fagio zilizokatwa milimita 12. Kichwa ni tone la gundi nzito, na tone moja halitoshi kwa sababu gundi husinyaa ikikauka. Lile la pili liwekwe saa sita baadaye. Farasi wanakatwa kwenye kadibodi ya milimita 1.5. Wapakeni gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kabla ya rangi, la sivyo kingo hufumuka. Ndovu ni wa udongo wa mfinyanzi, wanakaushwa kivulini. Juani miguu hupasuka pale inapokutana na tumbo.

Wiki ya 5: kupanga saa yenyewe

Babur anasema mapigano yalianza jua likiwa limepanda kimo cha mkuki, na adhuhuri yalikuwa yamekwisha. Taa ya mfano inakaa mashariki, chini, ili vivuli viwe virefu.

Nimegandisha dakika moja tu. Jeshi la Ibrahim lilikuja kwa kasi bila kusimama, likilenga ubavu wa kulia wa Babur, likasita lilipoiona ngome. Waliotangulia walipunguza mwendo, waliokuwa nyuma wakaendelea kusukuma. Kwa hiyo mistari ya mbele nimeibana hadi sanamu zinagusana, ya nyuma ina nafasi. Wakati huo huo vikosi vya kuzunguka, tulughma, viliwapita pembeni kulia na kushoto na kuanza kupiga mishale mgongoni. Mizinga ya Ustad Ali Quli, mpiga mizinga wa Babur, iko mbele ya kitovu, ya mwenzake Mustafa kushoto kwa kitovu. Ni minne tu ubaoni, na inatosha.

Kosa lililonilazimu kubandua sanamu 30: vikosi vya kuzunguka niliviweka karibu mno na mikokoteni, vikaonekana kama vinakimbilia ndani. Vinapaswa kuwa nyuma ya mstari wa tatu wa Ibrahim.

Ibrahim mwenyewe yumo kwenye msongamano. Alikufa hapo hapo, na Babur anasema maiti elfu tano au sita zililala karibu naye.

Wiki ya 6: ramani ya ukutani

Uwanja peke yake haukujenga dola ya Mughal, yaani ya Babur na kizazi chake huko India, kwa hiyo pembeni inatundikwa ramani ya pini. Siku ile ile Humayun, mwana wa Babur, alitumwa mbio kushika Agra na hazina yake, wengine Delhi, ambako hotuba ya Ijumaa ilisomwa kwa jina la Babur. Kisha yakaja majira ya joto, na makamanda wengi wakataka kurudi Kabul. Khwaja Kalan alirudi kweli. Babur alibaki, na ninaona uamuzi ule ulikuwa mzito kuliko ushindi wenyewe.

Pini nyekundu: Khanwa, Machi 1527, Rana Sanga, mfalme wa Mewar, akishindwa kwa ngome ile ile ya mikokoteni, Chanderi, 1528, Ghaghra, Mei 1529, dhidi ya Waafghani wa mashariki. Pini nyeusi ni Kannauj, 1540, Sher Shah, mtawala wa Kiafghani, alipomfukuza Humayun. Pini ya mwisho inarudi Panipat, 5 Novemba 1556, jeshi la Akbar, mwana wa Humayun, likimshinda Hemu, aliyekuwa ameitwaa Delhi. Pini mbili kwenye tundu moja hupasua kadibodi. Ya 1556 nimeisogeza milimita 3.

Yamebaki: ndovu 4 kupakwa rangi, na vumbi la chaki nyuma ya farasi wa tulughma.