Ni kweli au si kweli?

Jana jioni nikiwa nakata sukuma, kitinda mimba wangu alikuja na daftari la somo la uraia. "Mama, 'not guilty' kwa Kiswahili ni nini?" Nikamwambia, "Sina hatia." Akaandika, akaenda zake. Mimi nikabaki na kisu mkononi, maana nilijua sijamjibu sawasawa.

Jibu hilo lilinirudisha nyuma, kwenye muhula wangu wa pili katika chuo cha miaka miwili hapa Ohio, Marekani. Mchana darasani, usiku kazini kwa wazee niliowatunza, kuwageuza na kuwanywesha dawa. Mpango ulikuwa huu: nikusanye krediti 60, yaani alama za masomo niliyomaliza, halafu nihamie chuo kikuu nikamalizie shahada ya haki jinai. Mwalimu wetu, sajini mstaafu wa polisi, alitupa kazi: nendeni mahakamani, mkae asubuhi nzima, msiseme na mtu, kisha mniletee kurasa tatu za mliyoyaona.

Nikaenda kwenye mahakama ndogo ya jiji, zinakosikizwa kesi za barabarani na makosa madogo madogo. Nikakaa benchi la nyuma. Nilijisikia niko nyumbani, kusema kweli. Harufu ya karatasi na mbao za vanishi ilikuwa ileile ya korti ya Voi, Kenya, alikofanya kazi marehemu baba. Alikuwa karani, na kwetu karani ndiye mkalimani pia. Siku za likizo nilimpelekea chakula, nikachungulia dirishani nikimsikia akimgeukia mshtakiwa: "Ni kweli au si kweli?"

Kesi zilikwenda mbio, dakika mbili mbili, tatu tatu. Kisha likaitwa jina ambalo hakuna aliyelitambua, hata mwenyewe. Askari wa korti alipomwonyesha kidole ndipo akasimama: mzee wa makamo, koti la kanisani lililomzidi mikono, viatu vizito vya ghalani. Mkononi ana bahasha ya kaki, kona yake imebandikwa selotepu. Shtaka: kuendesha gari bila leseni.

Wiki moja kabla tulikuwa tumesoma habari za Clarence Gideon, mfungwa wa Florida aliyeiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli, na mwaka 1963 ikaamuliwa kwamba maskini aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Nilimtafuta wakili huyo kwa macho. Sikumwona. Kumbe kwa kesi ndogo isiyomfikisha mtu jela, Katiba yao hailazimishi apewe, na hilo liliamuliwa mwaka 1979. Yule baba alisimama peke yake.

Mkalimani alikuwa kwenye simu ya mezani, sauti imefunguliwa ukumbi mzima usikie. Mwanamke, Kiswahili chake safi cha vitabuni. "Je, unakiri hatia, unakana hatia, au hupingi mashtaka?"

Mzee akainamia simu. "Sijasikia muzuri, mama."

Mara moja nikajua ni mtu wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Na kwa watu wa kule, kusikia ni kuelewa pia. Mkalimani akafasiri kwamba hajasikia vizuri. Hakimu, tena kwa upole, akamwomba karani aongeze sauti. Maneno yakarudi yaleyale, makubwa zaidi: unakiri hatia, unakana hatia, au hupingi?

Mzee akahamisha bahasha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Akaiinua kidogo, kama mtu anayekaribisha mgeni chakula. Hakuna aliyemuuliza ina nini.

"Ndiyo," akasema, "nilikuwa naendesha. Munisamehe, baba."

Mbele ya mkubwa, kwetu, munisamehe ni adabu. Huisemi kwa sababu umekosa tu. Lakini ilifasiriwa kama ilivyo, na ikaandikwa kwamba amekiri. Kuendesha alikiri. Kukosa leseni hakuna aliyemuuliza kwa maneno anayoyajua.

Nilikuwa nayo maneno matano mdomoni, yale ya baba. Niliinua mgongo kutoka kwenye benchi. Askari wa korti akanitazama. Nikaketi.

Nilimkuta nje, penye dirisha la malipo, akiigeuzageuza risiti ya faini. Nikamsalimu, nikamsomea kiasi na tarehe. Uso ukamfunguka.

"Unasikia Kiswahili?"

"Ndiyo, baba."

"Na ulikuwa mule ndani?"

Nikasema nilikuwemo. Akatikisa kichwa polepole, akaitia risiti ndani ya bahasha, akashukuru, akashuka ngazi.

Usiku ule niliandika kurasa tatu. Nilieleza mpangilio wa viti, idadi ya kesi, adabu ya hakimu. Kuhusu yule mzee niliandika sentensi moja: mkalimani alikuwepo. Nikapewa A.

Mengine yalipita haraka. Nilihama, krediti kadhaa zikakataliwa, nikarudia masomo mawili, nikamaliza. Huko chuo kikuu ndiko nilikosoma, kwa hiari yangu, kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973: mshtakiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Nilisoma ukurasa ule nikamwona baba amesimama kizimbani pembeni ya mtu asiyemjua, akimgeukia.

Bado sijui kama ningesimama ingekuwa sawa. Pengine ningetolewa nje, na mzee angezidi kuogopa. Pengine kweli hakuwa na leseni, na mwisho ungekuwa uleule. Bahasha ile nimeifungua kichwani mara nyingi. Kila mara nakuta kitu tofauti.

Nikamwita mtoto arudi na daftari. Nikamwambia aongeze chini ya lile jibu: "Si kweli." Akanikazia macho.

"Sasa tofauti yake ni nini?"

Nikazima jiko, nikavuta kiti, nikakaa.