Miwani ya Davout na turubai langu

Pale mwaloni Kirumba wananiita Miwani. Nikiivua, mshale wa mizani siuoni, na mizani ndiyo inayonilisha: napima magunia ya dagaa, naandika daftarini, napakia lori la Dodoma. Basi niliposoma kuwa Louis-Nicolas Davout wa Ufaransa, marshali, yaani mwenye cheo cha juu kabisa jeshini, alikuwa haoni mbali na akivaa miwani hadi vitani, nikasema huyu ni wa kwetu.

Davout aliongoza Kikosi cha Tatu cha Napoleon. Ukisikia kikosi usidhani ni doria ya polisi. Lilikuwa jeshi zima ndani ya jeshi: divisheni tatu za askari wa miguu, wapanda farasi, mizinga, wahandisi. Vikosi vilipita njia mbalimbali ili visigombee chakula cha kijiji kimoja, na kila kimoja kilitakiwa kiweze kupigana peke yake mpaka wenzake wafike.

Tarehe 14 Oktoba 1806, pale Auerstedt, wenzake hawakufika. Ukungu ulikuwa mzito. Davout, na watu 27,000 hivi, akajikuta uso kwa uso na jeshi kuu la Prusia, ufalme wa Wajerumani, watu zaidi ya 50,000. Divisheni ya Gudin, jenerali wa Davout, ilitangulia, ikashikilia kijiji cha Hassenhausen. Blücher, jenerali wa Prusia, akawarushia wapanda farasi. Wafaransa wakajipanga miraba, bayoneti zimetazama nje pande zote nne, wakangoja farasi wakaribie ndipo wakafyatua. Majenerali wengine wawili wa Davout wakafika: Friant akaingia kulia, Morand kushoto. Mtawala wa Brunswick, aliyewaongoza Waprusia, akapigwa risasi ya macho. Mchana Waprusia wakawa wanarudi nyuma, ila Davout naye alikuwa na watu kama 7,000 waliokufa au kujeruhiwa. Bernadotte, marshali mwenzake wa Ufaransa, alikuwa jirani na Kikosi cha Kwanza, na siku nzima hakupigana popote. Mimi huyo sijamsamehe.

Napoleon alikuwa akipigana Jena, mji wa jirani, akiamini jeshi kuu kalipiga yeye. Husimuliwa kwamba alipoletewa habari alimjibu mjumbe kuwa marshali wenu anaona vitu viwiliviwili. Utani wa miwani, hata kule! Baadaye alikubali, na tarehe 25 Kikosi cha Tatu kikapewa heshima ya kutangulia kuingia Berlin. (Nikipita Jiwe la Bismarck pale ziwani huwa nacheka kidogo: Mprusia huyo, aliyekuja kuongoza Ujerumani, alizaliwa 1815, miaka tisa baada ya kichapo hicho.)

Lakini kilichonikamata mimi ni mikoba. Mwaka 1812, wakielekea Urusi, Davout sasa aliongoza Kikosi cha Kwanza, watu kama 70,000. Kila rejimenti ilikuwa na waokaji wake, washona viatu, mafundi cherehani, waashi. Mkoba wa askari ulikuwa na viatu vya akiba, mikate mikavu, mfuko wa unga, kila kitu mahali pake. Alikuwa mkali, na majenerali walimnung'unikia. Urusi iliwamaliza hata hivyo. Gudin alikatwa mguu karibu na Smolensk akafa; mifupa yake ilipatikana 2019.

Masika iliyopita mimi sikuwa Davout: nilihesabu magunia 120 mara mbili, turubai la kuyafunika sikulikagua. Nikalipandisha juu likiwa limekunjwa vilevile, vijana wakalitandaza giza limeshaingia. Mvua ikalikuta lori mbele ya Shinyanga. Kulikuwa na mpasuko wa upana wa sinia. Magunia 14 yakaingia maji, dagaa wakavunda, tukawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Mama mwenye mzigo hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba Neema, ulilikunjua?"

Sikuwa na jibu.

Sasa nalitandaza chini, mchana, nalitembelea peku kona hadi kona. Vijana wa kupakia wanasimama wima na kunipigia saluti. Jana nimekuta tundu jipya upande wa kushoto, dogo kama kichwa cha dagaa. Nimetoa sindano nikalishona, wao wakiningoja.