Namna ya kuchagua kamera ya gari itakayofaa usiku

Karibu kila kamera ya gari, ile inayofungwa kwenye kioo cha mbele kurekodi barabara, inayouzwa leo hurekodi vizuri mchana. Jua likiwa juu, hata iliyo rahisi kabisa hutoa picha ambayo mtu anaweza kusoma namba za gari lililo mbele yake, kuona rangi ya taa za barabarani na kutambua ni nani aliyehama njia yake. Tofauti huanza kujitokeza giza linapoingia, na ndiyo maana ninashikilia kwamba anayetafuta kamera ya gari aipime kwanza kwa kazi yake ya usiku, kwa kuwa ile inayofaulu usiku haitashindwa mchana, ilhali kinyume chake si kweli hata kidogo.

Usiku kamera hukosa kitu kimoja tu, yaani mwanga, na ina njia mbili za kufidia upungufu huo. Ya kwanza ni kukiacha kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kifanye hivyo kwa muda mrefu zaidi katika kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazounda video. Ya pili ni kuikuza kwa umeme ishara ndogo iliyopatikana. Njia zote mbili zina gharama. Kuikuza ishara huleta chenga, zile nukta zinazochezacheza katika sehemu zenye giza na kufunika mambo madogo madogo ya picha. Kurefusha muda huleta michirizi, na hapa hesabu yenyewe inasema kila kitu: gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri takriban mita 16.7 kila sekunde, kwa hiyo kihisi kikipokea mwanga kwa sehemu 1 ya 30 ya sekunde, gari hilo litakuwa limesogea zaidi ya nusu mita kabla fremu moja haijakamilika. Magari mawili yakipishana, kila moja kwa mwendo huo, umbali kati yao hubadilika kwa zaidi ya mita moja ndani ya fremu hiyo hiyo. Muda ukipunguzwa hadi sehemu 1 ya 250 ya sekunde, gari linalokwenda kilomita 60 husogea chini ya sentimita 7 tu, na maandishi yaliyo juu yake huanza kuwa na sura.

Kutokana na hilo, jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alishike ni kwamba picha ya usiku inayong'aa kama ya jioni inastahili kutiliwa shaka. Watengenezaji wanajua kwamba mtazamaji huvutiwa na mwanga, na ni rahisi kwao kuipanga kamera irefushe muda wa kila fremu hadi mwisho wake, ili barabara, miti na majengo yaonekane vizuri. Video ya namna hiyo hupendeza inapokwenda, kwa sababu jicho letu huunganisha fremu na kusamehe michirizi. Isimamishe, ujaribu kusoma kibao cha namba cha gari linalopita upande wa pili, na utakuta doa jeupe lililovutika. Mimi ningechagua picha yenye giza kidogo ambayo vitu vyake vina kingo zilizo wazi kuliko picha angavu isiyoweza kuthibitisha lolote, maana kamera hii hununuliwa kwa ajili ya ile siku moja ambapo fremu moja itahitajika kujibu swali.

Kinachoiwezesha kamera kutumia muda mfupi bila kuzama katika chenga ni kihisi chake kwanza, na lenzi yake pili. Kampuni ya Sony hutengeneza vihisi vya familia iitwayo STARVIS, ambavyo vilibuniwa kwa ajili ya kamera za ulinzi na ambavyo sehemu yake inayopokea mwanga imewekwa mbele ya nyaya badala ya nyuma yake, hivyo mwanga haupotei njiani. Kizazi cha pili, STARVIS 2, kina uwezo mkubwa zaidi wa kushika kwa pamoja sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza katika fremu moja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa inayohitajika zaidi barabarani usiku, ambako taa kali za magari na vivuli vizito hukaa bega kwa bega. Hata hivyo jina la familia halitoshi. Tafuta namba ya kihisi chenyewe. IMX415 na IMX678 vyote vina pikseli (nukta zinazopokea mwanga na kuunda picha) takriban milioni 8 na vyote huuzwa kwa jina la 4K, lakini kila pikseli ya IMX415 ina upana wa mikromita (sehemu za milioni za mita) 1.45, na ya IMX678 ina mikromita 2.0. Ukilinganisha maeneo yake, pikseli ya pili ina karibu mara mbili ya nafasi ya kupokelea mwanga. Makasha mawili yanaweza basi kuandikwa maneno yale yale juu yake huku vilivyomo vikitofautiana kabisa saa mbili usiku.

Wapo wanaohitimisha kutokana na maelezo kama hayo kwamba wingi wa pikseli hauna maana na kwamba kamera ya 1080p (picha ya pikseli 1920 kwa 1080) yenye pikseli kubwa ndiyo bora kwa usiku. Siwaungi mkono moja kwa moja. Chukua kibao cha namba chenye upana wa sentimita 52, kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, kikiwa mita 15 mbele yako. Kwa lenzi inayoona nyuzi 140, picha ya 1080p itakipa kibao hicho takriban pikseli 27 kwa upana, ambazo zikigawanywa kwa herufi na tarakimu saba hubakisha chini ya pikseli nne kwa kila moja. Hapo hakuna cha kusoma, hata mwanga ungekuwa tele. Picha ya 4K kwa pembe hiyo hiyo hukipa maradufu. Pikseli nyingi zinahitajika, ila zinahitajika juu ya kihisi kikubwa kiasi cha kuzilisha mwanga. Pale mtu anapolazimika kuchagua kati ya 4K yenye kihisi kidogo na 1440p (pikseli 2560 kwa 1440) yenye pikseli za mikromita 2.0, kama zile za IMX335, mimi humshauri achukue ya pili. Jihadhari pia na kamera zinazotangaza 4K ilhali kihisi chake kina pikseli milioni 2 au 4 tu, kwa sababu picha hiyo imetanuliwa na programu na haina jambo lolote jipya ndani yake. Pikseli za 4K halisi ni 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, na kihisi chenye pungufu ya hapo hakiwezi kuzitoa.

Hesabu hiyo ya kibao inaonyesha pia kwa nini pembe pana kupindukia haifai. Nyuzi 170 zinasikika kama faida, lakini pikseli zile zile zinatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, na kila kitu kilicho mbele huwa kidogo na cha mbali. Nyuzi kati ya 120 na 140 zinatosha kuona njia zote za barabara ya kawaida. Fahamu kwamba watengenezaji wengi hupima pembe hiyo kutoka kona hadi kona ya picha, si kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo namba iliyoandikwa huwa kubwa kuliko upana unaoupata. Kuhusu uwazi wa lenzi, namba ndogo baada ya herufi f ndiyo inayoruhusu mwanga mwingi: lenzi ya f/1.4 hupitisha mwanga maradufu ya ile ya f/2.0, na ya f/1.8 huizidi ya f/2.0 kwa karibu robo. Tofauti hii ya pili ni ndogo, wala isiwe sababu ya kuacha kamera iliyo bora kwa mengine yote.

HDR, yaani mbinu ya kushika sehemu angavu na zenye giza katika picha moja, inahitaji maelezo kidogo. Vibao vya namba vimetengenezwa virudishe mwanga kwa nguvu kule ulikotoka, na hivyo taa zako zinapomulika gari lililo mbele, kibao chake hung'aa kupita vitu vyote vinavyokizunguka, na kamera inayopima mwanga kwa wastani wa picha nzima hukigeuza kuwa kipande cheupe kisicho na maandishi. HDR ya kweli hurekodi mwanga kwa vipimo viwili, kimoja cha muda mrefu na kingine cha muda mfupi, kisha huviunganisha, na ile sehemu ya muda mfupi ndiyo inayookoa kibao. WDR, mbinu yenye lengo hilo hilo inayotangazwa kwenye kamera nyingi za bei nafuu, mara nyingi ni kazi ya programu inayopunguza ukali wa sehemu angavu na kuinua zenye giza baada ya picha kupigwa, na haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. HDR nayo ina kasoro yake: kitu kinachokwenda kasi kinaweza kuacha kivuli cha pili pembeni, kwa kuwa vipimo viwili havikuchukuliwa kwa wakati mmoja. Pamoja na kasoro hiyo ningeiwasha usiku. Katika kamera nyingi huzimika yenyewe ukichagua fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo usiku fremu 30 zenye HDR zinanifaa zaidi.

Jambo ambalo matangazo hulinyamazia ni kiwango cha data, yaani kiasi cha data ambacho kamera huandika kila sekunde. Chenga za usiku ni adui wa ubanaji wa video (kuipunguza ukubwa ili itoshe kwenye kadi), kwa sababu hubadilika katika kila fremu na programu hulazimika kuzihesabu kama mambo mapya. Kamera ikiwa imewekewa kikomo kidogo, hufuta mambo madogo ili itoshe ndani ya kikomo hicho, na kinachofutwa kwanza ni maandishi na kingo. Kwa 4K ningetaka megabiti 30 kwa sekunde au zaidi, na ubanaji wa aina ya H.265, unaohifadhi picha kwa data kidogo zaidi, kama upo. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, kiwango hicho huchukua takriban gigabaiti 13.5 kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 128 huanza kuandika juu ya video za zamani baada ya saa tisa hivi za kurekodi. Kadi yenyewe iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, yenye alama ya V30, inayohakikisha uandishi usiopungua megabaiti 30 kwa sekunde.

Unapolinganisha kamera, usitegemee video za majaribio zilizobanwa tena na tovuti inayozionyesha. Wapimaji walio makini hutoa faili halisi kama ilivyotoka kwenye kadi. Ipakue, itazame kwenye skrini kubwa, na uende nayo fremu kwa fremu. Chagua mahali ambapo gari linapishana na kamera kwenye barabara isiyo na taa, kisha mahali ambapo gari liko mbele kwa mita 10 hadi 15 likimulikwa na taa za mwenye kamera. Tazama taa zinapopita: je, mng'ao wake unafunika nusu ya picha, au unabaki umejikusanya? Mfano wa mjini chini ya taa nyingi hauna thamani kubwa, kwa sababu karibu kila kamera hujitahidi hapo. Ikiwa kamera ina sehemu ya nyuma, idai video yake pia, maana mara nyingi kihisi cha nyuma ni dhaifu kuliko cha mbele, na kioo cha nyuma chenye tinti humaliza mwanga uliosalia.

Baada ya kununua, kioo cha mbele huamua mengi. Utando wa mafuta na vumbi unaojijenga upande wa ndani hauonekani mchana, lakini usiku hutawanya mwanga wa kila taa inayokuja. Ufute mara kwa mara, na uiweke kamera mahali ambapo mikono ya waipa hufika. Kichujio cha kuondoa miakisi kwenye kioo ni kizuri mchana, ila hunyonya mwanga mwingi, kwa hiyo kivuliwe giza linapoingia. Taa za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, husaidia kamera inayotazama ndani ya gari. Kwa kamera inayotazama mbele hazina kazi, kwani mwanga wake hugonga kioo na kurudi. Katika menyu, punguza kidogo kiwango cha mwangaza wa picha, hatua moja au mbili chini ya sifuri, na utaona vibao vya namba vikianza kusomeka huku anga likizidi weusi. Weka pia kipimo cha 50 au 60 hezi kulingana na umeme wa mahali ulipo, ili taa za barabarani zisiwe zinametameta kwenye video.

Hata kamera bora kabisa haitasoma kila namba usiku. Gari linalopishana nawe kwa kasi kwenye giza, taa zake zikiwa zimewashwa kikamilifu, litapita bila kusomeka mara nyingi kuliko kusomeka. Kwa sababu hiyo ninapenda kipaza sauti kiachwe kikiwa kimewashwa: jicho la dereva hushika namba, rangi na aina ya gari katika hali ambazo kihisi hakiziwezi, na mtu akizitamka kwa sauti papo hapo, zinaingia kwenye rekodi ile ile pamoja na saa na mahali.