Mlio wa Caravan chini ya maji: hesabu ya mkono kabla ya programu

Ukivuta mstari mnyoofu kutoka kwenye ndege hadi kwenye haidrofoni (kinasa sauti cha majini), modeli yako ya sauti ya ndege chini ya maji imeharibika mapema. Chukua Cessna Caravan, ndege ndogo ya pangaboi moja, inayovuka mkondo wa Unguja ikiwa mita 150 juu ya bahari, kwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde. Kwenye nyuzi joto 28, sauti husafiri mita 348 kwa sekunde hewani na kama 1,540 majini. Kwa sheria ya Snell, inayoeleza jinsi mwale unavyopinda ukivuka kutoka hewani kwenda majini, mwale wa sauti ulioinama zaidi ya digrii 13 kutoka wima hauingii majini, unarudi angani. Kinachobaki usoni mwa bahari ni duara la kipenyo cha mita 70 hivi, nalo linapita kwa chini ya sekunde moja.

Tuseme hewani, pale usoni pa maji, sauti ya ndege peke yake, bila ile inayorudishwa na maji, ni dB (desibeli) 80. Ongeza 26, maana hewani kipimo cha desibeli huanzia shinikizo la mikropaskali 20 na majini 1 (hilo ni badiliko la kipimo, sauti yenyewe haijakua). Ongeza 6 tena, kwa sababu uso wa maji hukaribia kuzidisha shinikizo mara mbili. Unapata 112. Kutoka hapo kwenda chini miale hupanuka haraka, hivyo kila mita ya kina ihesabu kama mita 4.4 za hewa: kwa kina cha mita 20, 150 + 88 = 238, hasara 20 × log(238/150), yaani dB 4, jibu 108. Wengi hujumlisha 150 na 20, na jibu lao huwa kubwa mno kwa dB 3.

Doppler, yaani mlio kupanda au kushuka kwa sababu chanzo chake kinasogea, ndiyo kipimo changu cha kuikagua modeli. Pangaboi la mapanga matatu likizunguka mara 1,900 kwa dakika hutoa Hz 95 (mitetemo 95 kwa sekunde). Ndege ikija, mtu aliye ufukweni husikia hadi Hz 123. Sauti iliyosafiri majini haizidi 100. Haidrofoni ikinasa 123, imewekwa karibu mno na uso wa maji: inapokea shinikizo linalopenya kutoka hewani na kufifia karibu dB 19 kwa kila mita.

Angalia na kina cha bahari. Juu ya mchanga unaopitisha sauti kwa mita 1,700 kwa sekunde, maji ya mita 20 hubeba mbali sauti zinazozidi Hz 45. Maji ya mita 8 yanahitaji kuzidi 114, kwa hiyo zile 95 hazifiki mbali.

Kusi likivuma, migongo ya mawimbi huinamisha uso na kuingiza sauti kutoka nje ya duara. Modeli ya bahari tambarare itaonyesha ukimya mahali ambapo kinasa sauti kina mlio.