Shikamoo iliyokaa siku 19 bila marahaba

Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja mjini Morogoro, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa kusema "nitajibu kesho" kwa kila barua pepe iliyohitaji kufikiriwa kidogo. Matangazo ya vikao niliyajibu papo hapo. Zilizolala ni zile zilizokuwa na mtu anayenisubiri: mwanafunzi aliyetaka nisome sura ya tasnifu yake, mwenzangu wa Zanzibar aliyeomba tuandike makala pamoja, mhariri aliyengoja masahihisho.

Barua iliyonizindua iliandikwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya ufadhili wa masomo ya uzamili, akaambatisha wasifu wake, matokeo yake, na tarehe ya mwisho kwa wino uliokolezwa. Aliianza kwa "Shikamoo Mwalimu". Baada ya wiki moja akaandika tena: "Shikamoo Mwalimu, samahani kwa usumbufu." Zote mbili nilizisoma nikiwa ndani ya daladala, nikajiambia kwamba jambo hilo lataka utulivu, nikairudisha simu mfukoni. Nilipoketi hatimaye kuandika, siku 19 zilikuwa zimepita na dirisha la maombi lilikuwa limefungwa siku 2 kabla. Niliitazama ile salamu kwa muda mrefu. Ana kwa ana nisingethubutu kuamkiwa na mtu nikanyamaza na kumpita. Lakini ndivyo nilivyokuwa nimefanya, tena mara mbili.

Nilikuwa nikidhani kinachonikwamisha ni wingi wa kazi, ingawa kazi nzito kuliko hizo nilizimaliza kwa wakati. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba mtu anayeahirisha jambo mara nyingi anaikimbia hisia mbaya inayoambatana nalo, ili apate nafuu ya muda mfupi, na katika maelezo hayo nilijiona waziwazi. Hisia yangu ilikuwa aibu, na aibu ya barua huzaa riba: ukichelewa siku 2 unaona unadaiwa samahani, ukichelewa wiki 2 unaona unadaiwa aya nzima ya maelezo, na mwezi ukitimia, barua ambayo ingejibiwa kwa sentensi 3 imekwisha kuwa mzigo usiobebeka. Nilikuwa na rasimu 43 zilizoishia kwenye kuomba radhi, kabla hata sijagusa nilichoulizwa.

Nilianza kwa kuondoa barua pepe kwenye simu, na hilo ndilo lililonifaa kuliko yote. Barua ikishafunguliwa hupoteza ule wino mzito unaoitofautisha na nyingine, ikazama chini ya zilizokuja baadaye. Kwa hiyo kuisoma mahali nisipoweza kujibu kulikuwa sawa na kuizika. Sasa husoma nikiwa mezani tu, saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri.

Barua zilizopita mwezi niliziweka kwenye folda niliyoiita "Madeni", kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa. Zilikuwa 112. Nililipa 3 kila siku ya kazi, nikianza na ile niliyoiogopa zaidi, na ndani ya wiki 8 zikaisha. Kanuni niliyoishika ni kwamba samahani isizidi sentensi moja: "Samahani kwa kuchelewa kukujibu", kisha jibu lenyewe. Mwanzoni niliona ni utovu wa adabu, kwa jinsi tulivyolelewa kutanguliza udhuru kabla ya kufika kwenye jambo. Lakini aliyekuandikia anasubiri jibu, na udhuru mrefu humlazimisha yeye akufariji wewe. Salamu sikuipunguza hata kidogo.

Zilizonishinda kwa muda mrefu zaidi ni barua za kukataa. Mwenzangu wa Zanzibar alingoja miezi 4 "hapana" niliyokuwa nayo moyoni tangu siku ya kwanza. Nilimwandikia kwamba mwaka huo nisingeweza kushiriki, na nikamwomba aendelee bila mimi. Alijibu baada ya nusu saa, akashukuru, akasema kwamba angalijua mapema angalimtafuta mtu mwingine. Maneno hayo yaliniuma, na tangu hapo barua ya kukataa huiandika kwanza kabla ya nyingine zote. Pale ambapo jibu kamili linahitaji muda, humjulisha mwenye barua kwamba imefika na kumtajia siku nitakayomjibu, kisha siku hiyo naiandika kwenye shajara kabla sijafungua barua inayofuata.

Yule mwanafunzi nilimwandikia jioni ile ile, nikakiri kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu. Mwaka uliofuata aliniomba tena, na barua yake niliikuta saa 2 asubuhi. Nilianza na "Marahaba", nikaandika mapendekezo yake, nikayatuma kabla ya kipindi changu cha saa 4.